Doa limegoma kutoka: kusoma alama iliyobaki kwenye hariri, satini na nguo nyingine laini

Ninashona na kufua nguo za sherehe hapa Goma, mtaa wa Himbi, na karibu kila nguo yenye doa inayofika mezani kwangu imekwisha kupita mikononi mwa mtu mwingine. Imesuguliwa, imelowekwa kwenye maji ya moto, imedondoshewa javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo), kisha ndipo inaletwa kwa fundi. Kwa hiyo sitaanza na doa bichi, kana kwamba mtu huwa amesimama na beseni mkononi mchuzi unapomwagika. Nitaanza na kile unachokiona kwenye nguo sasa hivi, turudi nyuma hadi kwenye chanzo. Alama inayobaki baada ya kufua mara ya kwanza inasema mengi: doa lilikuwa la kitu gani, na ufuaji ule ulilitendea nini.

Kabla ya yote, weka pasi kando, weka javeli kando, na usianike kwenye jua kali. Nguo ikiwa bado mbichi, iache ikiwa mbichi hadi ujue unachofanya.

Hujui kitambaa ni cha aina gani

Nguo nyingi nzuri tunazovaa ni mitumba, na mitumba ya soko la Virunga mara nyingi huja na kibandiko cha shingoni kimekatwa. Muuzaji atakuambia kila kinachong'aa ni soie, yaani hariri. Lakini kung'aa hakuonyeshi asili ya uzi. Satini ni namna ya kufuma tu: kuna satini ya hariri, ya viskosi na ya poliesta, na nyingi tulizo nazo ni poliesta.

Geuza nguo, chomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, ushike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, uuwashe. Hariri na sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kati ya vidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huacha kipunje kigumu. Viskosi na pamba huwaka haraka kama karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Kama kitambaa kimechanganywa nyuzi mbili, utaona dalili mbili. Basi kitendee kama ile iliyo dhaifu.

Sababu ya kujisumbua hivi ni moja. Hariri na sufu ni protini, kama nywele zako. Javeli huyeyusha protini. Nilikuwa msichana nilipojifunza hilo kwa fulari (skafu) ya hariri ya shangazi yangu: niliidondoshea javeli kwenye doa la chai, tone likageuka njano, na nilipoikamua kidole changu kilipita upande wa pili. Shangazi hakunipiga. Aliikunja ile fulari akairudisha sandukuni, na hadi leo naikumbuka sura yake. Sabuni za unga zilizoandikwa kuwa na vimeng'enya nazo ni hatari kwa hariri na sufu, maana vimeng'enya vya kula protini ya damu na maziwa haviwezi kujua kwamba uzi wenyewe si doa. Viskosi haina shida hiyo, ila ikilowa hupoteza nguvu nyingi. Ukiikamua kwa kuisokota hupasuka. Na kuna kitambaa kimoja, asetati, kinachotumiwa sana kwenye bitana za makoti, ambacho huyeyuka palepale kikiguswa na dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

Nguo yote imekuwa ngumu, ya kijivu, na mng'ao umekufa

Hapa hakuna doa. Hapa kuna maji.

Ziwa Kivu ni zuri kwa macho na kwa sambaza, samaki wake wadogo, lakini maji yake yana chumvichumvi nyingi, hasa magnesi, na yako upande wa alkali. Mtu aliyezoea kufua kwa maji ya mvua anaona tofauti siku ya kwanza: sabuni ya kipande haitoi povu, na kwenye beseni kunaelea utando mweupe. Utando huo ni sabuni iliyoshikana na magnesi na kalsi. Kwenye jinzi hutauona. Kwenye hariri na satini unajipaka juu ya kila uzi, na mwanga haurudi tena kama zamani. Isitoshe, hariri na sufu huchukia alkali, kwa hiyo maji na sabuni vinaishambulia nguo pamoja.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Changanya vijiko viwili vya chakula vya siki nyeupe katika lita tano za maji, tumbukiza nguo, ipapase kwa dakika mbili au tatu, kisha isuuze kwa maji matupu. Siki huondoa utando na kuituliza hariri. Rangi kali, hasa nyekundu na zambarau, zijaribu kwanza kwenye kona ya ndani. Kuanzia hapo nguo laini uzifue kwa sabuni ya maji, ile ya kuoshea nywele au sabuni ya vyombo isiyo kali, kwa sababu hizo hazitengenezi utando na magnesi. Mimi maji ya ziwa ni ya jinzi na mashuka. Kwa hariri ninaweka bidoni (dumu) moja la maji ya mvua, na hata hayo yana tabia yake, nitayarudia.

Mafuta yametoka, rangi ya machungwa imebaki

Hili ni doa la mawese. Linaniletea wateja kuliko madoa mengine yote, na linatesa watu kwa sababu ni madoa mawili ndani ya moja: kuna mafuta, na kuna rangi iliyomo ndani ya mafuta, ileile inayofanya karoti iwe karoti. Sabuni inaondoa la kwanza. La pili linabaki limekukodolea macho.

Msichana mmoja aliniletea blauzi ya hariri ya rangi ya krimu aliyoivaa siku ya mahari ya dada yake. Sombe, mboga ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mawese, ilikuwa imemdondokea kifuani.

"Yaya, mafuta yametoka lakini rangi imekataa."

"Uliosha na nini, mdogo wangu?"

"Sabuni ya kipande, maji ya moto. Nikasugua sana."

Niliinua blauzi mbele ya dirisha. Doa lenyewe lilikuwa la ukubwa wa sarafu, njano iliyofifia, wala halikunitia hofu. Kilichonitia hofu ni duara lililolizunguka, pana kama kiganja, lililokuwa na weupe kama vumbi. Ukipitisha kidole unahisi manyoya madogo. Hizo zilikuwa nyuzi zilizokatika kwa kusuguliwa zikiwa zimelowa. Rangi ya mawese nilijua itatoka. Manyoya yale hayatarudi kulala, na nilimwambia ukweli huo kabla sijapokea senti.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kama bado kuna mafuta, na utayajua kwa sababu pale mahali panapitisha mwanga zaidi ya pengine, tandaza nguo kavu juu ya taulo, ujaze doa unga wa muhogo au talki, uache saa kadhaa au usiku mzima. Unga unyonye. Kung'uta, rudia na unga mpya hadi usibadilike rangi tena. Ndipo weka tone moja la sabuni ya vyombo, libonyeze kwa ncha ya kidole kutoka ukingoni kuelekea katikati, subiri dakika tano, suuza kwa maji ya uvuguvugu wa mkono. Bonyeza, usisugue.

Rangi iliyobaki mwachie mwanga. Rangi ya mawese huvunjwa na jua. Ndiyo maana kibwebwe cha jikoni chenye doa la mawese kikianikwa kila siku huishia kuwa safi bila mtu kukishughulikia. Poliesta unaweza kuianika juani ikiwa mbichi, kwa muda wa saa mbili za asubuhi, na mara nyingi inatosha. Hariri ni kesi nyingine, kwa kuwa jua huidhoofisha na kuigeuza njano. Ile blauzi niliilaza juu ya taulo, nikaifunika yote kwa kikwembe (kitenge) kizito nilichokitoboa tundu, nikaacha doa peke yake likitazama jua. Nusu saa, nikalilowesha tena, nusu saa nyingine. Siku ya tatu rangi ilikuwa imekwisha.

Rangi ya kahawia imebaki baada ya sabuni ya kipande

Kahawa, chai, divai nyekundu, kasiksi (pombe ya ndizi), juisi ya maracuja (pasheni): vyote hivi vina tanini, ule ukakasi unaokaza ulimi, na tanini haiendi sawa na sabuni ya asili, ile ya kipande iliyopikwa kwa mafuta ya mawese. Badala ya kuliondoa doa, sabuni hiyo hulishikisha. Watu wananishangaa nikisema hivyo, kwa kuwa mama zetu walitufundisha kwamba sabuni ya kipande ni dawa ya kila kitu. Kwa doa la mafuta wako sahihi. Kwa kahawa ya Kivu kwenye satini nyeupe, anza na maji baridi matupu yakipita kwa nyuma ya doa, ili yalisukume lilikotoka na si kulizamisha. Kisha changanya kijiko kimoja cha siki, nusu kijiko cha sabuni ya vyombo na kikombe cha maji, udondoshee, ubonyeze kwa kitambaa cheupe, usogeze kitambaa kila kinapochukua rangi.

Kama lilishafuliwa kwa sabuni ya kipande, dawa hiyohiyo, ila itabidi urudie mara tatu au nne na kuacha robo saa kila mara. Likibaki kivuli kwenye kitambaa cheupe, tumia maji ya oksijeni yanayouzwa famasi kwa jina la eau oxygénée. Tazama chupa: chukua ya 10 volumes, ambayo ni asilimia 3. Zile za 20 na 30 ni za saluni, ziache huko. Dondosha, subiri dakika tano, tazama, suuza. Hariri na sufu nyeupe huyavumilia kwa muda mfupi. Nguo ya rangi ijaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Kahawa ya maziwa ina protini na mafuta juu ya tanini. Maji baridi kwanza, kisha sabuni ya vyombo, siki baadaye. Ukianza na maji ya moto umepika maziwa ndani ya kitambaa.

Damu imekuwa duara la kahawia

Maji ya moto. Hakuna chanzo kingine ninachokutana nacho. Joto hugandisha protini ya damu kama linavyogandisha yai.

Damu bichi kwenye hariri hutoka kwa maji baridi na chumvi kidogo, na tone dogo, la kuchomwa sindano, hutoka kwa mate. Sisi washonaji tunajichoma kila wiki, na kila mshonaji anajua hilo: mate yako, damu yako, pamba safi, bonyeza. Iliyopikwa tayari inahitaji subira. Loweka sehemu hiyo tu katika maji baridi yenye chumvi kwa nusu saa, bonyeza na sabuni ya nywele, na kama nguo ni nyeupe malizia kwa maji ya oksijeni ya asilimia 3. Yatatoa povu yakigusa damu. Povu likikoma, suuza. Kwa sufu, hakikisha maji ya kuloweka na ya kusuuza yana baridi ileile, kwa sababu sufu ikitoka kwenye uvuguvugu kuingia kwenye baridi na kusuguliwa juu yake, hujikunyata ikawa ya mtoto.

Doa limetoka, imebaki pete

Ulisafisha katikati pekee, na maji yalipokuwa yanakauka yalisukuma uchafu na dawa ya kiwandani hadi ukingoni, yakavitua pale. Kwenye hariri na satini ya viskosi pete hiyo huonekana kuliko doa la kwanza, na mtu huanza kuisugua akidhani ni doa jipya. Usiisugue. Lowesha nguo nzima, au kipande kizima kutoka mshono hadi mshono, katika maji yenye siki kidogo, ili kila mahali palowe sawa na pakauke sawa. Ikunje ndani ya taulo, kandamiza taulo, halafu tandaza kivulini. Tangu nilipoelewa jambo hili sisafishi tena kipande kidogo cha hariri katikati ya mgongo. Ama nalowesha upande wote, ama siloweshi.

Kwapa la njano na gumu

Wengi wanadhani ni jasho pekee. Ni jasho pamoja na alumini iliyomo kwenye dawa ya kuzuia jasho. Vikikutana vinaacha ukoko. Javeli huongeza unjano huo, na kwenye hariri inamalizia kwa tundu. Loweka kwapa peke yake katika siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika kumi na tano kwa poliesta na pamba laini, tano kwa hariri. Bonyeza na sabuni ya nywele, suuza. Ukoko ukiwa wa miaka, hautoki mara moja. Na hapa nitoe onyo ninalolirudia kwa kila msichana ninayemfundisha: siki na javeli visikutane kamwe, wala kwenye beseni ambalo halijasuuzwa. Hutoa gesi ya klorini, na katika chumba kidogo cha mbao chenye dirisha moja, gesi hiyo inaumiza mapafu kabla hujatafuta mlango.

Madoa ya njano yaliyojitokeza sandukuni

"Nililiweka likiwa safi," mama mmoja aliniapia kuhusu gauni lake la dantela (lesi), na ninamwamini. Liliingia sandukuni likiwa na madoa ambayo hayaonekani. Limonadi isiyo na rangi, bia nyepesi, jasho, mafuta ya mwilini: vikikauka havionekani, na sukari yake hugeuka kahawia pole pole, au ghafla mara pasi inapoigusa. Ukiona doa limezaliwa chini ya pasi, jua kuna sukari.

Tofautisha hivi: doa la sukari lina ukingo mkali na ni gumu kidogo kwa kidole, la mafuta ukingo wake umefifia na kitambaa kimelegea. La sukari hukubali maji ya uvuguvugu na siki. La mafuta ya zamani linataka unga na sabuni ya vyombo, kwa utaratibu wa mawese, na linaweza lisiishe. Nguo ya sherehe ifuliwe baada ya kuvaliwa hata ikionekana safi, hasa kama kulikuwa na watoto wenye soda.

Vidoadoa vya rangi ya chungwa vilivyotawanyika

Ukaguzi wa kwanza: nguo ilifuliwa kwa maji ya mvua? Maji ya mvua ni laini na sabuni hupenda, lakini hapa kwetu yanapita kwenye mabati, na volkano yetu ya Nyiragongo inapotoa moshi mvua huchukua asidi inayoharakisha kutu ya mabati hayo. Chembe za kutu huteremka hadi kwenye pipa. Ninachuja maji ya mvua kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne na kuyaacha yatulie usiku, kisha nachota ya juu tu.

Kutu haitoki kwa sabuni, na javeli huifanya ishike zaidi. Inayeyushwa na asidi. Kwa pamba na poliesta, maji ya ndimu na chumvi kidogo juu ya doa, saa moja kivulini, suuza vizuri. Kwa hariri, ndimu iliyopunguzwa kwa maji nusu kwa nusu, bila chumvi, dakika kumi, suuza, rudia kesho. Kagua pia vifungo vya chuma, pini na hanga za waya. Nimeona gauni likisafishwa mara tatu na kurudi na doa palepale, na chanzo kilikuwa kulabu ndogo ya mgongoni.

Vumbi jeusi linalogeuka mstari

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na leo tumejenga juu yake na tunakanyaga vumbi lake kila siku. Vumbi hilo lina chembe zenye ncha kama vioo vidogo. Ukililowesha na kusugua, unapiga hariri msasa.

Kwa hiyo, kwanza ukavu. Nguo ikauke kabisa, hata kama ni tope, kisha uikung'ute nje na kupitisha brashi laini ya mtoto kwa kufuata mwelekeo wa uzi. Geuza upindo wa gauni, mchanga mwingi umelala humo. Hapo ndipo maji, mengi, kwa kumimina. Mstari wa kijivu ukibaki, tone la sabuni ya vyombo litauchukua. Watu wa Bukavu wenye tope jekundu wana mzigo wa ziada, kwa kuwa wekundu wenyewe ni kutu. Wakimaliza hatua hizi warudi kwenye ndimu.

Rangi ya kikwembe imeingia kwenye nyeupe

Yote yanategemea kama nguo imekauka. Ikiwa bado mbichi, ifue tena peke yake kwa maji baridi na sabuni nyingi ya maji, badilisha maji kila yanapochukua rangi, hata mara sita. Ikiwa imekauka na kupigwa pasi, poliesta nyeupe inaweza kuokolewa kwa kulowekwa katika maji ya oksijeni. Hariri mara nyingi itabaki na kivuli. Chumvi au siki kwenye kikwembe kipya haizuii rangi kutoka, ingawa nasikia ushauri huo kila wiki. Kifue peke yake hadi maji yawe meupe.

Mengine kwa ufupi

Wino wa kalamu: alkoli ya famasi kwenye pamba, kutoka ukingoni kwenda ndani, taulo chini yake. Si kwa asetati, na mbali na mbabula (jiko la makaa), kwa sababu mvuke wake unashika moto.

Rangi ya midomo: ikwangue kwa kisu butu, kisha unga, kisha sabuni ya vyombo. Maji yakitangulia yanaitandaza.

Nta ya mshumaa: iache igande, ivunje, halafu weka karatasi nyeupe juu na chini, pitisha pasi ya uvuguvugu mdogo. Mshumaa wa rangi utaacha rangi yake, nayo inataka alkoli.

Utomvu wa ndizi: ukiwa bichi, maji baridi na sabuni ya maji bila kupoteza dakika. Ukikauka ukawa mweusi, siahidi kitu kwenye kitambaa laini, na mtu akikuahidi mwulize atatumia nini.

Ukungu wa vidoti vyeusi: wakati wa masika nyumba za mbao hazikauki, na sanduku lililo sakafuni ndilo linaloanza. Piga brashi nje ya nyumba, si ndani. Siki nusu kwa nusu, suuza, upepo mwingi. Harufu itaisha. Vidoti vilivyoingia ndani ya uzi wa hariri vinabaki.

Alama ya pasi

Umeme ukikatika tunarudi kwenye pasi ya makala (makaa), na pasi ya makala haina kipimo cha joto. Kwenye pasi ya umeme, kidoti kimoja ni joto lisilozidi nyuzi 110, na hapo ndipo pa poliesta na asetati. Hariri na sufu ni vidoti viwili, hadi 150. Pasi iliyojaa makala mekundu huvuka hapo bila kukuambia. Ipimeni kwanza juu ya kitambaa cha pamba chenye unyevu: ikitoa mlio mkali, bado ni kali. Halafu pigeni hariri kwa upande wa ndani, na kitambaa cheupe kati yake na pasi, ambacho pia kitapokea majivu yanayoruka kwenye matundu.

Alama ikishatokea, angalia rangi na uso wake. Kahawia hafifu, na kitambaa bado laini kwa kidole, maana yake ni uso wa uzi tu umeguswa: dondosha maji ya oksijeni ya asilimia 3 kwenye nyeupe, acha dakika kumi kwenye mwanga, suuza, na mara nyingi inapungua hadi isionekane. Kahawia iliyokolea na ugumu, uzi umekufa, na hakuna kimiminika kinachoufufua. Poliesta inayong'aa kama plastiki pale pasi ilipokaa imeyeyuka. Hizo mbili ninazichukua kwenye meza ya kushona badala ya beseni. Nakata duara safi, naweka chini yake kipande kilichotolewa kwenye upindo wa nguo hiyohiyo, kisha naifunika mishono kwa dantela. Kama alama iko kifuani natia dantela upande wa pili pia, na mwenye gauni anapokuja kulichukua huuliza maua yale yalikuwapo tangu mwanzo au la.